Kichwa cha Samaki cha Baba

Siku kaka yangu Lesikar alipokufa, Baba alikuwa anarekebisha uzio wa zizi. Nilimwambia nilichoambiwa kwenye simu: gari limemgonga Tanga, akitoka kazini. Baba alifunga kamba aliyokuwa ameishika, kisha akauliza, "Alikuwa amekula?"

Sikujua.

Lesikar alikuwa mpishi wa chipsi samaki katika hoteli moja ya ufukweni, ile ambayo watu husimama wakisubiri meza. Sisi ni Waarusha wa Olmotonyi, ndugu wa Wamasai, na wazee wa rika la Baba hawali samaki. Kwao ni kama nyoka. Kaka alipokuja likizo na samaki wa kukaanga, Baba alichukua fimbo yake akaondoka hadi harufu iishe. Kila mara kaka alipoaga alisema, "Baba, njoo ule kwangu hata mara moja." Baba hakuwahi kwenda.

Tulipokwisha kumzika, Baba aliniambia, "Naisula, twende tukachukue vitu vyake. Na nitakula pale."

Hoteli ilikuwa imejaa. Mwenye hoteli, Bi Mwanahawa, alimwamkia Baba shikamoo ingawa walilingana umri, akatuketisha karibu na jiko. Akaleta samaki changu mzima, chipsi, kachumbari na ndimu.

Baba alimtazama yule samaki kwa muda mrefu.

"Mzee, hang'ati huyo!" akasema mwanamume wa meza ya pili.

"Ng'ombe wangu akishapikwa hanitazami hivi," Baba akajibu, na watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Akachomoa kisu chake cha kiunoni. Alipogusa tu, nyama ikaachana na mifupa.

"Nyama gani hii isiyotaka kisu?" Akakirudisha kisu, akamgeukia Bi Mwanahawa. "Mama, sehemu ya mzee ni ipi hapa?"

Kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe. Huwezi kula cha mwenzako, na cha baba yako ndiyo kabisa. Nilimweleza hivyo Bi Mwanahawa, maana nilimwona hajaelewa. Akaacha kufuta meza.

"Kwetu mkubwa hupewa kichwa," akasema. "Kumbe ndiyo maana. Lesikar alikuwa hali kichwa. Kila akikaa kula, anakiweka pembeni. Nikamtania, 'Wewe Mmasai, unaogopa macho?' Akaniambia, 'Bibi, baba yangu yupo hai.'"



Baba alinawa tena mikono, ingawa ilikuwa safi. Akachukua kinyama cha shavuni, chini ya jicho, akakitia mdomoni. Akatafuna. Nikamwona anajaribu kumeza. Akanywa maji. Akajaribu tena, macho yakamjaa machozi, mwisho akakitema kiganjani na kufumba ngumi.

"Hakipiti," akasema.

"Si lazima, baba," Bi Mwanahawa akamwambia taratibu.

"Alinialika akiwa hai." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimekuja amekufa, na bado nashindwa."

Nilikula upande wangu wa samaki, kwa sababu ilikuwa kazi ya kaka yangu na mtu mmoja wa nyumbani ilibidi aimalize. Kichwa tulikiacha kwenye sahani. Ngumi ya Baba haikufunguka mpaka tulipotoka; akafukia kile kipande mchangani kwa mkono wake, akakanyagia kama anayepanda mbegu.

Njia nzima kurudi Arusha alipakata begi la Lesikar, hakutaka nilishike.

Siku hizi mimi hununua samaki sokoni, nikawakaanga nyumbani. Baba hali. Lakini nikiweka mafuta jikoni, haichukui tena fimbo yake. Huvuta kigoda, akakaa karibu na moto mpaka nimalize.