Chumba cha Beki Mpya

Benedicta alishuka ngazi za nyumba ya Mama Nilofar kwa makalio. Wiki ya tatu sasa goti la kulia lilikuwa halikunjiki. Siku aliyoumia alikuwa akimkaba mshambuliaji. Mguu ukanasa kwenye nyasi za plastiki, mwili ukageuka peke yake. Uwanja wa nyasi halisi klabu ilikuwa nao, tena wa kupendeza, ila ule ulikuwa wa wanaume.

Kwao Ujerumani, alikozaliwa na baba Mngoni na mama Mjerumani, aliwahi kuwa beki wa timu ya taifa ya vijana. Akanyanyua makombe, na jioni akauza viatu dukani. Basi klabu ya Toronto ilipomwahidi chumba, posho na matibabu, mwaka huu wa 2014, alikuja mbio.

Jikoni alimkuta Festus, meneja wa klabu, anamalizia chapati.

"Goti vipi, dada?"

"Daktari anasema lazima nipasuliwe. Mlisema mna bima."

"Insurance ipo. Lakini ni ya mchezaji aliye active. Wewe sasa hivi huchezi, au?"

"Sichezi kwa sababu nimeumia kwenu."

"I know, dada. Tunakuombea." Akafuta vidole. "Sasa, leo anaingia beki mwingine kutoka kwenu Ujerumani. Chumba chako atalala yeye. Twende wote airport, umpokee kwa lugha yenu, asijisikie mpweke. Ukimpokea vizuri, hilo la goti nitalifikisha kwa wakubwa."

Mama Nilofar, mzaliwa wa Tanga aliyewapangisha wachezaji wa klabu, alizidi kusugua sufuria iliyokwisha takata.

"Mashuka nimeshabadilisha, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Waliniambia jana. Nilidhani unajua."

Hilo lilimuuma Benedicta kuliko goti. Katika jiji zima hakuwa na mtu mwingine wa kumwita mama. Alienda kupanda gari la Festus.

Kwenye uwanja wa ndege, binti mrefu mwenye mashavu mekundu alimrukia shingoni.

"Ni wewe kweli! Nilikuwa nakutazama kwenye televisheni," alisema kwa Kijerumani. "Waliponitumia picha yako, nikakubali palepale. Niambie ukweli lakini. Mtu akiumia hapa, wanamtunza?"

Festus alitabasamu bila kuelewa neno. "Anasemaje?"

"Anauliza kama mnatunza wachezaji."

"Mwambie sisi ni familia. Mwambie akutazame wewe."

Binti alimtazama. Benedicta aliona aibu, akainamisha macho. Alifikiria kisu cha daktari, akafikiria duka la viatu.

"Wanatunza," alisema.

Binti akashusha pumzi, akanyakua begi lake na kumkimbilia Festus, ambaye alishatangulia kwenye maegesho. Benedicta alibaki katikati ya watu wanaokumbatiana na ndugu zao. Aliwafuata huku ameshika ukuta, akawaita wamsubiri, na hakuna aliyegeuka.