Wimbo wa Chumba cha Mashuka

...na hata ule wimbo namba moja wa wiki hii, ambao yeye mwenyewe aliutangaza jana kwa bashasha mpaka fundi mitambo akamwonyesha dole gumba nyuma ya kioo, ukimuuliza sasa hivi unasema nini hakumbuki hata mstari mmoja, ni mapenzi, bila shaka ni mapenzi, yuko aliyeacha na yuko aliyeachwa, "inama kidogo, dada," msusi akamwambia, naye akainama mpaka kidevu kikagusa kifua, na ndivyo alivyokaa tangu asubuhi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama imesikia habari mbaya, mtangazaji wa Kumi Bora, mwanamke ambaye watu humjua kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura, akiomba kimoyomoyo kwamba humu saluni asilazimike kusema sentensi ndefu, maana akisema tu wataanza, si wewe yule, Dada Kumi Bora, hebu tutajie namba moja kama unavyoitaja redioni, na leo hana hamu ya kutaja chochote, mchana huu mkuu wa vipindi anamsubiri na swali moja tu, unaendelea nasi au huendelei, na jibu analo, amelala nalo na kuamka nalo, haendelei, atalisema kwa upole, hakuna aliyenikosea mkuu, ni masikio yangu tu yamechoka... ingawa hata hilo si kweli, mumewe alimpeleka kwa daktari wa masikio, daktari akachungulia kwa kitochi chake, huku na huku, akasema mama, masikio haya ni ya msichana, mumewe akafurahi, yeye akatoka pale amenyong'onyea, kwa sababu kama masikio ni mazima basi kilichokufa ni kitu kingine ambacho hakina daktari, nyimbo zinaingia sikio hili zinatokea lile, wala hazisemi hodi, na siku hizi akishautaja wimbo anateremsha sauti ya spika za studio mpaka mwisho, anasoma jumbe kwenye simu, anaangalia kucha, halafu saa ya ukutani ikimwambia wimbo unakwisha anaipandisha tena na kusema, ah, huo ulikuwa moto wa kuotea mbali, na huko nje watu wanamwamini, na orodha yenyewe inashuka kutoka ghorofa ya juu imeshapangwa, majina yale yale yakipishana ngazini, huyu kapanda, yule kashuka, "nikamwambia huwezi kupaka rangi ukumbi wakati wateja wamekaa," msusi alikuwa anasema, hadithi ya mwenye nyumba bado inaendelea, "harufu ile nani ataivumilia, akaniambia dada fungua dirisha, dirisha lenyewe alilipigilia misumari yeye," na yeye akajibu mm, mm ndiyo neno lake la leo, linatosha kwa ndiyo na kwa hapana na kwa pole, na vidole vya msusi vinakwenda, vinagawa, vinavuta, vinapindisha, mkono mwepesi, hauumizi, na hapo ndipo alipoona kitambaa walichomfunika kinatikisika gotini, kinatikisika na kutulia, kinatikisika na kutulia, akadhani ni feni, akaangalia vizuri, ni mguu wake.

Mguu wake unapiga chini. Tangu lini, hajui, mguu umesikia kitu kabla yake, na sasa naye akaanza kusikia, kule mezani simu ya msusi imetumbukizwa ndani ya kopo la bati ili sauti ikue, na ndani ya kopo kuna ngoma inayochechemea, du, du-du, halafu inachelewa kidogo kama mtu anayeuvuta mguu mmoja kwenye ngazi, halafu du, na kila inapochelewa mwili unajikuta unaisubiri, nani kampa mpigaji huyu ruhusa ya kuchelewa hivyo, studio zote anazozijua wangeinyoosha, wangeipanga kwenye kompyuta kama matofali, na juu ya ngoma hiyo sauti ya mwanamke, nzito, haina haraka, kama ya mtu anayezungumza peke yake huku akitafuta funguo, shuka lako limerudi kwangu, wewe umerudi kwa nani... akaacha kupumua. Amesemaje. Akasubiri, "halafu anataka kodi ya miezi mitatu mbele," mm, nyamaza kidogo mdogo wangu, nyamaza, lakini hakusema, akasubiri tu, na sauti ikaja tena, nakunja pembe kwa pembe, nakunja bila jina lako, na pale katikati ya mstari mlango unafunguliwa, kweli kabisa, mlango wa mbao wenye bawaba kavu, na mtu mwingine anasema samahani, na mlango unafungwa, na mwimbaji hakusimama, hakurudia, wala hakuukata, aliusubiri mlango ufungwe kama unavyompisha mtu kwenye korido nyembamba, akaendelea, na ulipofika tena mstari ule ule mara ya pili, pale alipoingia yule mtu, akaimba mwenyewe, samahani, kwa sauti ndogo, samahani, kama anamwambia mwenye shuka... Mungu wangu, mtu anafikiriaje kitu kama hicho, miaka yote hii redioni amekutana na wanamuziki wenye misafara ya ving'ora na wapiga picha wawili wawili, hakuna hata mmoja ambaye mlango ungefunguliwa katikati ya wimbo wake akaufanya kuwa wimbo.

Shuka. Kwa nini shuka linamkaba hivi, ni shuka tu, alikuwa nayo manne kwenye kamba juzi... ni ya shangazi, ndiyo yanayomkaba, yale meupe yenye mstari wa buluu pembeni, shangazi amelala juu yake hospitali wiki baada ya wiki mwaka jana, amekuwa mdogo mpaka unamtafuta kitandani kwa macho, na kila asubuhi wakija kumwona shuka ni jipya, limenyooka, lina harufu ya sabuni na jua, na yeye hata siku moja hakujiuliza ni nani amelifua, nani amelikunja, ilikuwa kama mashuka yanaota yenyewe usiku, na siku ya mwisho kitanda kilikuwa kitupu na shuka jipya limeshatandikwa, alilichukia shuka lile, alitaka kulivuta chini... shangazi aliyemlea, shangazi wa kibanda cha kurekodi kanda, na mitambo yake miwili ya kaseti iliyokuwa ikitoa joto kama pasi, wateja wanaleta kanda tupu na karatasi ya nyimbo wanazotaka, nyimbo zinazovuma, zile zile zinazopigwa kila mahali, shangazi anawawekea kama walivyoagiza, hana kinyongo, lakini mwisho wa kila upande wa kanda hubaki kipande kisichotosha kitu, na wenye vibanda wengine walikiacha kipande hicho kinaunguruma kitupu, shangazi hakukubali, atafungua droo yake ya chini, atatoa wimbo wa mtu asiyejulikana, kwaya ya wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, kijana kipofu na gitaa la nyuzi nne, bendi iliyorekodi mara moja ikavunjika njiani kurudi nyumbani, ataubana pale mwishoni, haandiki jina, hasemi kitu, na baada ya siku kadhaa mteja anarudi amekunja uso, "mama, ule wa mwisho niliokuwa sijauagiza," anasema dereva mmoja wa lori, na yeye mtoto nyuma ya kaunta anaogopa kwamba sasa shangazi atatukanwa, "ule ni wa nani, nimeurudisha nyuma mpaka kanda inataka kukatika," na shangazi anajifanya anafikiri, anakuna shingo, "huo, ngoja, nadhani ninao mwingine wao," na anamkonyeza mtoto... hiyo ndiyo iliyomfanya atake redio, siyo Kumi Bora, alitaka uso ule wa dereva wa lori, na walipomzika shangazi kesho yake alirudi studio, akasoma kumi mpaka moja bila kukwama, watu wakamsifu, ana moyo huyu, na kumbe ndiyo siku aliyoteremsha sauti ya spika mara ya kwanza, ndiyo siku yenyewe, hakuwahi kuihesabu...

"Unalia, dada? Nimevuta sana?"

"Hapana, hujavuta," akasema, na kwa kuwa ameshafungua mdomo, "huyu ni nani?"

"Nani?"

"Anayeimba."

"Aa, huyo," msusi akasema, na kicheko kidogo cha aibu, kama aliyekutwa na sufuria haijaoshwa, "huyo ni wifi yangu, mke wa kaka, nizime?"

"Usizime."

"Anafua hospitali, yuko kwenye dobi, na hiyo unayoisikia wala si ngoma, ni mashine yao ile kubwa, mguu wake mmoja umelegea, mafundi wamekuja mara ngapi, yeye akawaomba waiache hivyo hivyo, wenzake wakasema mke wa fulani kachanganyikiwa, na wakati wa chakula anajifungia chumba cha mashuka, ukuta mmoja na mashine, yeye na simu yake, anasema mashuka yanameza mwangwi, sasa huyo aliyefungua mlango ni nesi alikuja kuchukua foronya..." na msusi akacheka tena, na yeye akacheka, kidevu kwenye kifua, machozi yakiteremka puani, alikuja kuchukua foronya, nesi wa watu, hajui ameingia kwenye wimbo, na moyo wake unamdunda kama wa msichana aliyeibiwa busu, mashine ya kufulia, kwa hiyo kila siku mwanamke yule anasimama mbele ya mtambo ule ambao wengine wanauona mbovu, anasikia unachelewa, na anajiambia hapo, hapo pa kuchelewa ndipo nitaweka neno, mtaalamu huyo, fundi wa mafundi, na mwalimu hana, na studio hana, ana simu na lundo la mashuka, na ametengeneza kitu ambacho ghorofa ya juu kule redioni wakikutana mwezi mzima hawatakitengeneza, "kaka anamtania," msusi anasema, "eti mke wangu anaimbia ndoo, lakini nimemkamata anausikiliza bafuni, nimemkamata kwa masikio yangu."

"Na watu wengine wanausikiliza?"

"Nani autafute, dada, nyimbo zake ameziweka kwenye mtandao lakini ni kama kuweka barua chini ya jiwe, wanaosikiliza ni mimi, ni mdogo wake, na kuna mtu mmoja huko duniani anaandika kwa lugha hatuijui, anaweka na maua, tunadhani anasifia," kitana kikapita, kikagawa, "hata hivyo amesema wikiendi hii anazifuta zote, anasema anajiaibisha mtu mzima, anao watoto," naye akainua kichwa ghafla, msusi akabaki na msuko hewani, "taratibu dada, nimepoteza mstari."

Anazifuta. Akajiona kwenye kioo, nusu huku nusu kule, macho mekundu, na huyo kwenye kioo mchana huu alikuwa aende kusema masikio yangu yamechoka, wakati kumbe masikio yalikuwa yamenuna, yalimnunia yeye, yalikuwa yanasubiri yaletewe kitu cha kuyaamsha, na ni nyimbo ngapi za hivi ziko huko chini ya jiwe, nani anaziimba, nyuma ya magodoro, ndani ya magari yaliyoegeshwa, jikoni watoto wakiwa shule, nyingine mbaya, nyingi mbaya, atazisikiliza hata hizo mbaya, atazisikiliza mpaka masikio yatoke usaha, na baada ya namba moja kabla ya taarifa ya habari hubaki kipande pale, kila siku hubaki, wanakijaza kwa kibwagizo cha redio yenyewe kujisifu, hakina mwenyewe kile kipande, hakiko kwenye orodha ya ghorofa ya juu, na mkuu wa vipindi akimuuliza unaendelea au huendelei atamwambia naendelea mkuu, ila kile kipande cha mwisho nipe mimi, usiniulize nitaweka nini, na akikataa... akikataa atajua hapo la kufanya, lakini atakataaje, kipande kisichotosha kitu, "mpigie," akasema.

"Nani?"

"Wifi yako. Mpigie sasa hivi, nakuomba mdogo wangu."

Msusi akamtazama kwenye kioo, mikono imejaa nywele, akaifuta kwenye aproni, akaitoa simu ndani ya kopo, na wimbo ukakatika, na saluni ikawa pana ghafla, mlio unaita, unaita, atakuwa anapakua mzigo, atakuwa amelowa, labda hatapokea, na aseme nini akipokea, maneno yote anayoyajua ni yale ya kazini, moto wa kuotea mbali, hayo hayafai, hayo ameyatumia kwa kila mtu, "haloo wifi," msusi anasema, "hapana, wazima wote, kuna mteja hapa anakutaka, sijui, kakusikia kwenye simu yangu, ongea naye," na simu ikaja sikioni mwake ya moto, na ng'ambo ile akaisikia kwanza mashine, yenyewe, bila kopo, du, du-du, inachelewa, du, halafu sauti ile nzito, ya mashaka, ya mtu aliyezoea kupigiwa kwa sababu ya mashuka yaliyopotea.

"Haloo. Nimeambiwa umesikia wimbo."

"Nimeusikia."

"Wote?"

"Wote. Na nesi nimemsikia."

Mashine ikazunguka. "Nilitaka kumtoa," akasema yule mwanamke.

"Usimtoe. Na usiufute, nakuomba, wala huo wala nyingine, mpaka nizungumze nawe vizuri," na alipoisema hiyo sentensi ndefu, ya kwanza tangu aingie, mikono ya msusi ikasimama kichwani mwake, midomo ikafunguka kwenye kioo, ameijua sauti, na ng'ambo ile pia kuna kitu kimesita, mtu anatega sikio, sauti hii nimeisikia wapi.

"Samahani, naongea na nani?"

Na lile jina lake la redioni likamjia mdomoni lenyewe, kwa mazoea, na kibwagizo chake nyuma, akalimeza.

"Msikilizaji," akasema.