Nani Atampaka Kondiba Udongo

Jua lilikwisha kuinamia mashamba ya miwa, na Kondiba bado alikuwa anakizunguka kiwanja cha mieleka, mkono juu, na hakuna aliyeushika.

Ndivyo ilivyo katika sikukuu ya mungu Bhairoba pale Nandgiri. Asiye na mpinzani hukizunguka kiwanja kwa nje akiwa ameinua mkono, na anayemtaka humfuata akaupiga kofi. Basi, wamekubaliana. Wenzake hawakumaliza hata mzunguko mmoja kabla ya kupata watu. Yeye alianza tangu watu wanatafuna mikate yao ya mtama ya mchana. Walimtazama misuli ya mgongo kwa tamaa, kisha wakakumbuka ni mtoto wa nani, wakageukia upande wa muuza karanga.

Kondiba alikuwa Mahar, tabaka ambalo kijiji kilihesabu kuligusa ni najisi. Nyumba za Mahar zilikuwa nje ya ukuta wa kijiji, na kazi yao ilikuwa kuburuta mizoga ya ng'ombe na kukimbia na ujumbe wa Patil, mkuu wa kijiji, jua liwake au mvua inyeshe. Baba yake aliifanya kazi hiyo mpaka akafa nayo. Sasa Patil alikuwa amekwisha sema kwamba sikukuu ikiisha tu, fimbo ya baba ataikabidhi kwa mtoto. Fimbo ile ukiipokea huiachi mpaka mwanao naye aipokee.

Njia ya kuikwepa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imeketi mkekani upande wa mashariki, na masharubu yake makubwa. Mwalimu Balekhan, mkufunzi wa mieleka wa ikulu ya raja, alikuja kuchukua kijana mmoja. Kijana huyo angelala ikulu, angelishwa maziwa, lozi na samli, na asingeulizwa kazi nyingine zaidi ya mieleka. Raja alikwisha kutangaza kuwa kiwanjani mtu haulizwi ukoo wake. Lakini raja alikuwa mbali, na Balekhan naye alikuwa na sheria yake: hamchukui mtu ambaye hajamwona akipigana.

Kondiba alipopita upande wa watu wake, waliosimama nyuma kabisa ya kamba, alimnong'oneza baba yake mdogo, Satva.

"Ba'mdogo, mkono umekufa ganzi."

"Inua mwingine."

"Hawaji."

"Hawaji, na wewe zunguka! Nimechimba kiwanja nyuma ya nyumba kwa mikono hii, nimekukanda mafuta ya ufuta tangu huna ndevu, leo uje uniambie hawaji? Nenda!"

Akaenda. Jasho lilikuwa linamtiririka juu ya mafuta ya asubuhi, mwili wote unang'aa.

"We Kondiba!" mmoja akapiga kelele kutoka juu ya mkokoteni. "Umepotea njia? Ng'ombe aliyekufa yuko kule!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kondiba akatazama mbele. Moyoni alikuwa anaungua, na aliogopa kwamba akigeuza shingo tu, atalia au atampiga mtu jiwe.

Wakati huo Shripati, mtoto wa Patil na bingwa wa kijiji, alikuwa ametoka kumlaza chali mtu wa kijiji cha pili. Rafiki zake walikuwa wanampaka udongo mkavu upya, mgongoni na mikononi, ili awe tayari kama atatokea mwingine. Balekhan akakielekezea kiwanja kidole.

"Patil, yule kijana anayezunguka ana nini? Ana upele?"

"Si mtu wa kupigana naye, Mwalimu."

"Kwani anauma?"

"Mwalimu, na wewe! Unajua vizuri."

"Mimi najua mieleka tu." Balekhan akajikuna masharubu na kupaza sauti ili kila mtu asikie. "Niliambiwa Nandgiri kuna wanaume. Kumbe nimeletwa kwa mabibi harusi, wanaogopa hina yao isiharibike!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi kuliko kile cha kwanza, kwa sababu hata rafiki zake Shripati walicheka. Shripati hakuwa mtu wa kuvumilia. Alikuwa na damu moto, na kuwa mtoto wa mkuu hakujamfundisha kunyamaza.

"Shripati, kaa chini," Patil akasema.

"Baba, nitammaliza kabla hujatafuna tambuu yako. Halafu nitaenda mtoni kuoga."

Akamfuata Kondiba, akaupiga mkono wake kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu pasi kama imeshika moto. Ngoma zikanyamaza. Kule nyuma ya kamba, Satva akashika kichwa.

Kondiba akainama, akaugusa udongo na kuugusisha kwenye paji la uso, akaingia. Udongo wa kiwanja kile ulikandwa kwa maziwa mgando na manjano, mwekundu, laini, na alikuwa akiunusa tangu utotoni kutoka upande wa pili wa ukuta. Hakuwahi kuukanyaga.

Sasa, kabla ya kushikana, kuna jambo hufanywa. Kila mmoja huchota udongo akampaka mwenzake kifuani, shingoni na mikononi. Udongo hunywa mafuta na jasho, mkono wa mpinzani ukapata pa kushika. Ni kama kumwambia: sitaki uniponyoke na wewe usitake nikuponyoke, tupigane sawasawa. Mtu hajipaki mwenyewe, mwenzake ndiye humpaka.

Kondiba akachota viganja viwili, akasogea.

"Ishia hapo," Shripati akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimekwisha kupakwa."

"Basi nipake mimi."

Shripati akachota udongo kidogo, akautupa. Ukaanguka kwenye vidole vya miguu vya Kondiba.

"Umeshapakwa. Piga ngoma!"

Utasema, si atamshika sasa hivi? Atamshika, ndiyo. Kumkamata mtu ili umbwage ni jambo moja, hata ndama hukamatwa. Lakini kumpaka udongo kifuani mbele ya kijiji ni kumkiri kuwa ni mwenzako, na hilo Shripati hakuliweza. Ngoma ikalia.

Alikuja kwa kasi, kichwa chini, akamdaka Kondiba kiuno na kumwinua. Miguu ya Kondiba ikaacha ardhi. Kijiji kikanguruma. Kondiba aliiona fimbo ya baba yake, waziwazi, na kinyesi cha ng'ombe kimekauka kwenye ncha yake. Kisha mikono ya Shripati ikateleza. Iliteleza juu ya jasho na mafuta ya ufuta, ikapanda hadi mbavuni, ikaachana. Kondiba akatua kwa miguu yake.

Shripati akamdaka mkono, ukachomoka. Akamdaka shingo, ikachomoka. Hofu ikamwingia machoni, na Kondiba akaiona. Yeye mwenyewe hakuwa na shida hiyo. Mwili wa Shripati ulikuwa mkavu, umepakwa vizuri na rafiki zake, kila mahali pana pa kushika. Kondiba akaupata mkono wake wa kulia, akageuka, akamtia begani na kumbwaga mbele yake kama mfua nguo anavyobwaga shuka juu ya jiwe. Mabega yote mawili yakaugusa udongo.

Hakuna aliyepiga makofi. Kule nyuma tu, Satva alikuwa anapiga mayowe peke yake.

Shripati akaruka, uso umemwiva. "Hila! Anateleza kama kambare! Mwalimu, mguse mwenyewe, amejaa mafuta!"

Balekhan akainuka kutoka mkekani, akaingia kiwanjani. Akapitisha kiganja begani kwa Kondiba, akakiangalia.

"Kweli anateleza," akasema. "Nani alitakiwa kumpaka udongo?"

Shripati akajipangusa udongo begani.

"Sikusikii, mwanangu. Nani?"

"Mimi."

"Haya. Mpambano huu naufuta. Mpake sasa, vizuri, kama ulivyofundishwa, kisha muanze upya."

Kondiba akapiga hesabu. Ushindi ulikuwa wake sasa hivi, na Shripati alikuwa amekula samli na lozi tangu utotoni. Akipakwa, huenda akashindwa, na fimbo inamngoja. Hata hivyo alifungua mikono na kukitoa kifua mbele, kwa sababu alikitamani kitu hicho kuliko alivyojua.

Shripati akainama, akajaza ngumi udongo. Akasogea hatua, akasogea nyingine, mpaka wakasikia pumzi zao. Mkono ukainuka. Akamtazama baba yake. Patil alikuwa amesimama, hatafuni tena. Mkono ule ukabaki hapo hewani, karibu kabisa na kifua cha Kondiba, kisha vidole vikafunguka na udongo ukamwagika chini.

"Nimeshindwa," Shripati akasema, akatoka kiwanjani na kuelekea mtoni.

Kilemba cha mshindi Patil alipaswa kumfunga kichwani. Alikitupa, nacho kikaanguka chini. Kondiba hakukiokota.

"Asubuhi tunaondoka," Balekhan akamwambia. "Muage mama yako."

Siku ya kwanza ikuluni, alfajiri, alipangiwa kujifunza na kijana mmoja mnene kutoka milimani ambaye hakumjua na hakumuuliza lolote. Kijana yule alipiga miayo, akachota udongo viganja viwili, akampaka Kondiba kifuani, shingoni, mpaka kwenye viwiko, huku akilalamikia baridi. Kisha akasimama, akasubiri kupakwa na yeye. Kondiba alikuwa ameganda, machozi yanamshuka.

"We vipi, unaumwa?"

"Hapana," Kondiba akasema. "Hapa begani hapajaenea. Paka tena."