Matone Mawili ya Mafuta

Vyerehani vyote saba vilikuwa vimekufa, na vyote saba vilinunuliwa kwa neno lake.

Bobini alikilaza cha kwanza juu ya meza ya kukatia, akafungua skrubu za chini, akavua kitako. Hakuhitaji kutazama sana. Gia ya kati ilikuwa ya plastiki, nyeupe, na meno yake yalikuwa yamelika upande mmoja mpaka pakabaki laini kama kipande cha sabuni. Akafungua cha pili. Vile vile. Cha tatu hakukigusa.

Kilikuwa chumba cha kupanga, dirisha moja, bati bila dari. Wanawake walikaa kila mmoja nyuma ya mashine yake kama wagonjwa waliopanga foleni kwa daktari asiyekuja. Ukutani magunia yalijaa sare za shule zilizokatwa na kuachwa hivyo: mikono peke yake, kola peke yake, mifuko peke yake. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Sema basi, mdogo wangu," alisema dada yake, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi. "Umepasua, umechungulia, sasa umenyamaza. Mgonjwa atapona au tutafute sanda?"

"Gia imekwisha."

"Imekwishaje? Hata vumbi havijashika."

"Ni ya plastiki, dada."

Mwanamke wa karibu na dirisha, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alitoa simu yake akatafuta kwa kidole, kisha akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "'Nimekishonesha turubai mikunjo minne. Nimekishonesha jinzi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hakikukohoa. Kwa fundi anayeshona kutwa kutafuta riziki, hiki ndicho.'" Akainua macho. "Maneno ya nani haya, kaka? Ya jirani yako?"

Wakacheka, kicheko kifupi, kisha kikafa.

"Changu kina gia ya chuma," alisema Bobini.

"Chako kipi?"

"Walichoniletea watu wa kampuni nikijaribu."

"Loo!" alisema Redio. "Kumbe wewe ulipewa mtoto wa ndoa, sisi tukauziwa wa kambo."

Dada yake hakucheka. "Friji yangu iko rehani kwa watu wa mikopo," alisema. "Makochi yangu pia. Huyu ameweka kitanda, yule ameweka kabati la marehemu mumewe. Waliponiuliza kama mashine ni nzuri, niliwaambia mdogo wangu ndiye aliyeandika. Sikuongeza neno. Hilo liliwatosha."

Bobini alizitia zile gia mbili mfukoni, akafunga mkoba wake wa vifaa.

"Nakwenda ofisini kwao," alisema.

Zamani hakuwa mtu wa kuletewa mashine. Alikuwa fundi katika karakana ya kutengeneza vyerehani, na saa ya mapumziko, wenzake wakicheza karata, yeye aliandika kwenye simu: aina gani imerudi mezani kwa ubovu gani, ipi inakula uzi, ipi ina mota ya kuchezea. Ndivyo blogu ilivyoanza. Alikuwa na mtindo wake. Likitoka toleo jipya alikwenda dukani kama mteja yeyote, akaipita ile ya maonyesho, akaomba iliyofungwa kwenye boksi, kutoka stoo, isiyojua kwamba yeye ni nani. Akakaa nayo mwezi. Ikiwa mbovu, aliandika tu: hili ni sufuria. Neno likashika. Mafundi madukani waliulizana, "Bobini amesemaje? Sufuria?" na mwenye duka akanuna.

Kisha kampuni zikaanza kumpigia simu, na siku moja akamrudishia tajiri wake funguo za kabati la vifaa. Alitaka kuandika kutwa nzima, awe mtu wa kujitegemea. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Karakanani ulikuwa na tajiri mmoja. Sasa utakuwa na kumi, na hakuna hata mmoja atakayekulipa mwisho wa mwezi."

Alisema kweli. Matangazo yaliyojitokeza yenyewe kwenye kurasa zake yalileta hela ya vocha. Blogu ilitaka makala mpya kila wiki, la sivyo watu waliisahau. Mwezi wa kujaribu ukawa wiki, wiki ikawa siku mbili. Ilipofika gari ya kampuni mlangoni na cherehani kipya ndani ya boksi, dereva akasema wameona wamwokolee muda. Bobini alijua, kuliko mtu yeyote mjini, kwamba kinacholetwa mlangoni kimechaguliwa kwanza. Alikipokea kwa mikono miwili, akasaini. Kodi ya nyumba ilikuwa imepitiliza.

Akakijaribu kwa haki. Turubai alishona kweli, jinzi alishona kweli. Maneno ya "fundi anayeshona kutwa" ndiyo hayakuwa yake. Yalikuja na mkataba, akayaacha yalivyo.

Afisa masoko wa kampuni hiyo alikuwa na umri wa kifungua mimba wake Bobini. Alisimama, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mzee wangu! Mzee wa Bobini mwenyewe! Karibu, kaa. Chai? Maji baridi?"

"Sijaja kunywa, bosi."

Alilisikia lile neno likimtoka. Bosi. Akakaa kwenye kiti, na kiti kilikuwa kifupi. Akaweka gia mezani, ya plastiki kwanza, kisha ya chuma, aliyopitia nyumbani kuifungua kwenye mashine yake.

"Hii ndiyo mliyowauzia watu, dada yangu akiwemo. Hii ndiyo mliyoniletea mimi."

Kijana aliziangalia bila kuzigusa. "Hiyo ilikuwa sampuli. Kiwandani mambo hubadilika, mzee wangu. Bei ya chuma, kodi, vitu vingi. Wewe uliandika kuhusu ulichopewa. Ulichopewa kilikuwa kizuri. Umedanganya wapi?"

"Mmedanganya ninyi, kwa mdomo wangu."

"Tusipandishiane sauti. Kitabu cha maelekezo kinasema, ukurasa wa mwisho: kwa matumizi ya nyumbani. Ukishonea biashara, waranti imekufa."

"'Fundi anayeshona kutwa' mliandika ninyi!"

"Jina lililo chini ni la nani?"

Nje ya kioo, wasichana wa mapokezi walikuwa wakipiga picha na maua ya plastiki. Bobini alijifuta shingo, ingawa mle ndani kulikuwa na baridi.

"Naifuta makala ile," alisema. "Leo hii naifuta, naandika ni sufuria."

"Ifute. Kompyuta ni yako." Kijana alisema bila ubaya, kama anayemweleza mtu saa ya kufunga duka. "Ila ulisaini ikae miaka miwili. Ukiifuta, unarudisha malipo yote na faini juu yake. Na sisi watu wa masoko tuna kikundi chetu kwenye simu. Tunaulizana: fulani vipi, anaelewana na watu? Sijui utawaandikia akina nani baada ya hapo."

Kijana akasogeza kiti karibu, sauti ikalainika.

"Dada yako anavyo vingapi?"

"Saba."

"Stoo zimebaki gia za chuma, za zile sampuli. Nakupa saba, bure. Wewe ni fundi, utazifunga mwenyewe. Hakuna barua, hakuna kelele. Na wewe unatuandikia kitu kidogo tu, kwa malipo yako ya kawaida, namna ya kutunza cherehani. Watu hawatii mafuta, mzee wangu. Wewe mwenyewe umeshaandika hivyo, tena kwa matusi."

"Hata uiogeshe kwa mafuta, plastiki ni plastiki."

"Sijasema ndiyo sababu. Nimesema hawatii."

"Na hao wengine walionunua?"

"Hao wengine si dada zako."

Aliondoka na kiboksi kidogo, chepesi, ungedhani kina vifungo vya shati.

Kazi ya kufunga gia ilimchukua siku nzima. Cha kwanza kilipoguruma, Redio alipiga vigelegele, akasema kaka ameshuka na malaika. Dada yake alimletea kiti chenye mgongo na soda, akasimama nyuma yake akimwonyesha kila aliyeingia: "Ndiye huyu. Mnaona? Ndiye huyu." Mikono ikapata mabega, kola zikapata shingo. Bobini alisikiliza zile mashine zikienda pamoja, na kwa saa nzima alijisikia mtu.

Ijumaa aliandika. Mkewe alikuwa akipiga pasi upande wa pili wa meza. Makala aliipa jina "Kwa Nini Cherehani Chako Kinakufa Mapema." Aliandika kwamba mashine nyingi haziuliwi na kiwanda, zinauliwa na uvivu. Matone mawili ya mafuta kila asubuhi kabla ya kushika kitambaa, asiyetia asimlaumu mtu. Aliandika kwa haraka na vizuri, kwa ukali ule ule ambao wasomaji wake waliupenda.

Mkewe aliiweka pasi wima, akasoma juu ya bega lake.

"Ni kweli haya?"

"Ni kweli kwamba watu hawatii mafuta."

"Sikukuuliza hivyo."

Akarudi kwenye pasi yake. Bobini akabonyeza, makala ikaenda.

Dada yake alipiga simu Jumatatu. Nyuma yake mashine zilikuwa zikivuma.

"Redio ametusomea."

"Dada, siwasemi ninyi."

"Kwa hiyo wavivu ni nani? Maana mimi mafuta natia tangu mama anitume dukani kuyanunua, na wewe ulikuwa ukinishikia kopo."

"Ningeandika ukweli, leo ungekuwa unashona na nini?"

Bobini akasikia mtu kule akikata uzi kwa meno.

"Ndilo linaloniuma," alisema dada yake. "Siwezi hata kuja kukutupia gia zako mlangoni. Sare hazijaisha. Umenifanya nile, halafu ukaniambia ulikokitoa chakula." Na baadaye kidogo, kwa sauti ya chini: "Usije hapa kwa sasa. Hawa wenzangu wanakushukuru. Mimi sitaki kuwasikia wakikushukuru."

Malipo ya makala yaliingia, kodi ikalipwa. Kampuni ikaisukuma makala kwa hela yake mpaka ikawa ya kwanza mbele ya kila aliyetafuta habari za cherehani kile. Maoni yakaja chini yake. Wengine walimshukuru. Wengine waliuliza ni mafuta ya aina gani, na yatiwe upande gani. Mmoja aliandika: nimetia, kimekufa vile vile. Mwingine akamjibu kabla ya Bobini: hukutia vizuri, fuata maelekezo ya mzee.

Mwanamke mmoja alikuja asubuhi moja, akiwa amebeba cherehani kile kile kichwani, kimefungwa kwa shuka. Namba ya simu aliipata chini ya blogu, akaelekezwa njia na mke wa Bobini. Alikitua barazani, akapumua, akamtazama Bobini juu mpaka chini.

"Ndiye wewe? Nilidhani u mrefu."

"Maandishi hurefusha watu, mama."

Akacheka, akafungua shuka. "Natia kila asubuhi. Matone mawili, kama ulivyosema. Kikaanza kukwaruza, nikaona labda kwa umri wake kinataka matatu. Nikatia matatu. Kilipozidi, nikatia na jioni."

Bobini alikilaza. Mafuta yalimwagika kwenye sakafu, meusi, yakatambaa mpaka kwenye ndara zake. Mle ndani kila kitu kiling'aa. Gia ya kati ilikuwa imebaki duara tupu.

Mwanamke alichuchumaa kando yake, akachungulia kwa makini, kama aliyekuja darasani.

"Nimekosea wapi, fundi? Nionyeshe, nisirudie."

Kiboksi cha gia kilikuwa kitupu tangu siku nyingi. Ile ya chuma ya mashine yake ilibaki mezani kwa afisa masoko, hakuirudia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Bobini alijua mkewe anasubiri nini. Alijua pia kwamba huyu mama, kama angeambiwa ukweli, angefika nyumbani na kuandika maoni kwa simu yake, kwa jina lake, na kule ofisini wangeyasoma kabla ya saa sita.

"Uliyazidisha mafuta," alisema.

Mkewe akaingia ndani na ndoo yake.

Mwanamke alitikisa kichwa taratibu, kwa kuelewa. "Ndivyo nilivyohisi," alisema. "Maana yaliruka mpaka kwenye kitambaa." Akakaa kwenye ngazi, akaanza kuhesabu kwa vidole, bila kumlalamikia mtu, kama anayejikariria somo.

"Gauni la harusi lilikuwa jeupe, la watu. Likaingia mafuta kifuani, hayakutoka. Hilo nimelilipa. Bibi harusi alikuwa na wasimamizi wanne, nao wakapeleka vitambaa kwingine. Cherehani changu cha zamani, kile cha kukanyaga, nilikiuza ili nijazie bei ya hiki. Mwenye duka niliyekuwa nakaa kibarazani kwake kampa mwingine nafasi, kasema hawezi kuweka fundi asiyeshona. Mkopo bado, nusu yake. Na nauli ya kuja huku." Akaangalia kidole kilichofuata, akafikiri, akakikunja. "Basi, ni hayo. Ahsante kwa kunielewesha, fundi. Unanidai kiasi gani kwa kukifungua?"