Siku Dobi Alipoanua Mablanketi

Nakutegea, na usiseme umeshindwa kabla hujafikiri. Mgeni wangu hupita kwanza, akishafika mbali ndipo abishe hodi. Ni nani?

Umesema radi. Umekaribia, lakini radi haina mtu ndani yake, na huyu wangu anaye. Ni ndege ya jeshi inayopita chini chini, juu kidogo tu ya mapaa. Ukiisikia, imeshapita. Unageuza shingo kule ulikotoka mlio, mwenyewe hayupo. Kibanio aliijua habari hiyo kwa mwili wake, na alikuwa na miaka minane.

Kibanio silo jina alilopewa alipozaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu tangu aanze kutembea alilibana gauni la mama yake kama kibanio kinavyobana shuka kwenye kamba, na Mama alipotaka kufanya kazi ilibidi ambandue kidole kimoja kimoja. Mama yake alikuwa dobi. Waliishi wawili tu, ghorofa ya pili, chumba kimoja cha kulala na kingine cha pasi, na juu yao paa bapa la saruji lenye kamba sita za kuanikia. Chini, pale mlangoni, alikaa fundi viatu, mtu ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko sindano yake.

Sasa, nyumba ya dobi ina sheria yake. Mbingu ikinguruma, watoto wa watu hukimbilia ndani. Mtoto wa dobi hukimbilia nje. Nguo si zenu, na zikilowa tena mmejichosha bure. Kibanio alifundishwa hivyo kabla hajajua kuhesabu. Akisikia ngurumo, hata awe na kijiko mdomoni, anakiweka chini na kupanda ngazi kwenda kuanua.

Basi asubuhi moja jua linawaka, hakuna hata kipande cha wingu, kukanguruma. Mtaa mzima uliingia chini ya vitanda, maana wakubwa walikuwa wameshasikia redioni kwamba mambo yameharibika. Fundi viatu alikimbia akaacha kiatu cha mteja katikati ya njia. Na wale wawili, Mama na Kibanio, wakapanda paani. Miguu ndiyo iliyowapeleka, akili ilifika baadaye. Huko juu kulikuwa na mablanketi ya nyumba ya wageni, yale mazito ya kijivu, bado yanachuruzika maji.

Ndege ya kwanza hawakuiona. Waliona kivuli kikipita juu ya paa kama mtu aliyefungua mlango na kuufunga, kisha mlio ukaja ukawapiga kifuani.

Ya pili, Kibanio aliiona. Ilitokea upande wa shule, imelala juu ya mapaa kama inayotafuta kitu ilichodondosha. Haikuwa na sauti. Hilo ndilo lililomgandisha: kitu kikubwa kama nyumba kinakuja mbio, na hakisemi neno. Aliliona tumbo lake, limechafuka masizi, na misumari iliyopangwa mistari mistari kama mshono. Aliona kichwa cha mtu aliyekuwa ndani, cha mviringo, cheusi, kikigeuka. Macho hakuyaona. Aliona kioo, na hata leo ukimuuliza atakwambia kioo kile kilimtazama yeye.

Kisha sauti ikafika, na upepo nyuma yake. Kamba zikaruka. Mablanketi mawili yakachomoka, moja likaanguka kando, jingine likamvaa kichwani, giza, baridi, maji yakamwingia puani. Aliita, "Mama," lakini hata yeye mwenyewe hakujisikia. Alipopata pa kutokea alimtafuta Mama paa zima. Alichokiona ni pindo la blanketi likiishia kwenye mlango wa ngazi. Mama alikuwa anashuka mbio, amelikumbatia kwa mikono yote miwili.

Ndege zilirudi mara nne. Kibanio alijisukuma chini ya tangi la maji, shavu kwenye saruji, na kila zilipopita alihisi tangi linatetemeka mgongoni mwake. Alijikojolea. Hakulia, maana alidhani akilia yule wa kioo atasikia. Mwishowe mkono ulimshika mguu ukamvuta nje. Ulikuwa mkono wa Mama.

Hazikuangusha kitu mtaani kwao, ni kweli. Zilipita tu. Watu wakatoka chini ya vitanda, wakajipangusa vumbi, na kama kawaida ya watu waliotishika, wakatafuta cha kucheka. Fundi viatu akakipata.

"Dobi wetu ni mwaminifu jamani," alisema. "Blanketi la wateja kaliokoa. Mtoto kamwacha juu akauke."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kilichomchoma Kibanio si kicheko chao. Ni kwamba Mama naye alicheka.

Tangu siku hiyo Kibanio hakubana gauni la mtu.

Alimuuliza alipofikisha miaka kumi na mitatu. "Mama, siku ile uliwezaje kubeba blanketi ukaniacha mimi?" Mama akagusa pasi kwa kidole kilicholowa mate, akasema, "Pasi inapoa." Alimuuliza tena siku chache kabla hajajifungua mtoto wake wa kwanza, akijua sasa tumbo ni nini. Pasi ikapoa tena. Baada ya hapo hakuuliza. Alifua, aliamkia, alimtunza mama yake vizuri, na neno lile likabaki katikati yao kama kiti ambacho kila mtu hukizunguka.

Miaka ikaenda. Kibanio ndiye dobi sasa, ana mvi na miwani. Mama ana miaka themanini na ushee, masikio yamechoka, magoti ndiyo usiseme. Kazi yake ni kukaa karibu na dirisha na kuoanisha soksi za wateja. Ngazi za paani hajazipanda kwa miaka sita.

Jumatatu redio ikatangaza kwamba ndege za jeshi zitafanya mazoezi kwa siku tatu, wananchi wasiwe na hofu. Kibanio aliisikia, na shati la mwalimu likaungua kola mkononi mwake.

"Dobi mdogo," fundi viatu alimwita kesho yake kutoka chini, naye sasa kibogoyo, "leo mnaokoa nini?"

"Naokoa viatu vya watu mkononi mwako," Kibanio alimjibu. Sauti ilitoka vizuri. Kisha akatazama nafasi iliyo chini ya meza.

Saa nne kivuli kikapita dirishani. Kabla mlio haujafika Kibanio alikuwa chini ya meza ya pasi, mama mtu mzima, mikono kichwani, shavu sakafuni. Vioo vililia. Vibanio kwenye kopo vililia. Alipofumbua macho alitazama kwenye kiti cha dirishani. Soksi zilikuwa zimetawanyika chini, kiti kitupu, na mlango wa ngazi uko wazi.

Anakwenda kuanua, alijisemea. Mimi niko hapa chini, na yeye anakwenda kuanua nguo za watu. Hasira ikampanda juu ya woga, na ndiyo iliyomtoa pale. Alipanda ngazi akishika ukuta. Ndege nyingine ikapita alipofika mlangoni. Akachuchumaa, akauma kiganja, akasubiri mlio umalizike kumpita, kisha akatoka.

Mama alikuwa kwenye kamba ya tatu. Kanga imemwanguka, mvi wazi, upepo unazichezea. Alikuwa haanui. Alishika blanketi moja juu, akalibonyeza kwa viganja viwili, akashuka nalo polepole mpaka kwenye pindo, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Akaliacha, akashika la pili, akaanza tena juu.

"Mama, twende ndani. Yaache yalowe, yaungue, yachukuliwe, sijali."

"Ngoja. Bado mawili."

"Bado mawili ya nini? Wewe na nguo za watu. Hata leo?"

Mama alimgeukia. Hakuliachia blanketi.

"Siku ile ulinicheka pamoja nao," Kibanio alisema, na sauti ikawa ya mtoto. "Nambie leo, na usiniambie habari ya pasi. Uliwezaje kubeba blanketi ukaniacha?"

Ndege iliyofuata ikapita, mlio wake ukaisha. Safari hii hakuna kati yao aliyeinama.

"Heri wacheke kwamba napenda kazi," alisema Mama. "Ningewaambiaje mengine? Ningekwambiaje wewe? Nilikuona blanketi limekufunika. Nikarukia nikakukumbatia, mzito, umelowa, uzito wako kabisa. Nikashuka na wewe ngazi zote nakwambia nyamaza mwanangu, tumefika, tumefika. Nikakuweka chini ya meza. Ndipo nikafunua blanketi nikuangalie uso, na ndani hamna mtu."