Wacha Nimalize

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Landless, Thika. Niliacha shule darasa la sita, na hilo halijawahi kunitia aibu. Aibu ninayoandika hapa ni nyingine, na niliifuata kwa miguu yangu mwenyewe, mara mbili.

Mara ya kwanza, binti yangu mkubwa, Nzisa, alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa ametuambia kwamba Jumamosi anabaki shuleni kwa masomo ya hesabu. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka geti kwa mteja aliye karibu na shule yao, nikaona nipite nimsalimie. Nikamkuta ukumbini, amepakwa rangi usoni, anaimba jukwaani mbele ya wenzake. Sikuuliza mtu kitu. Nilipanda nikamshika mkono wa kushoto. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, wacha nimalize." Sikumwacha. Nilimvuta mpaka nje, shule nzima ikitazama. Kesho yake alienda kanisani amevaa sweta ya mikono mirefu, na jua la Februari linachoma. Nilijua kwa nini. Mama yake pia alijua. Hakuna aliyesema.

Alipomaliza kidato cha nne alihamia Ruiru. Sasa ni miaka mitatu. Anauza katika duka la dawa, na jioni anaimba na kikundi cha maigizo cha mtaani. Nyumbani huja Krismasi, akala, akaosha vyombo, akarudi kwake.

Agosti hii alimtumia mama yake ujumbe. Walikuwa na mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, Jumapili, katika ukumbi wa kanisa moja huko Ruiru, saa nane na tena saa kumi na moja. "Mwaitu, njoo na Becky," uliandikwa hivyo, akimwita mama kwa Kikamba chetu. Jina langu halikuwemo.

"Na mimi?" nikamuuliza mke wangu, Kavata.

"Kwani umekatazwa?"

"Sijaalikwa."

"Basi njoo kama mtu ambaye hajaalikwa. Ukae kimya."

Nilitaka kwenda. Nilitaka Nzisa anione nimekaa kwenye kiti, nimevaa suti, natazama kazi yake kama baba wengine. Na kwa sababu sijui kwenda kwa mtu mikono mitupu, nilipita mjini nikanunua shada la karatasi za kung'aa, zile wanazovalishwa watoto shingoni siku ya graduesheni. Becky, mdogo wake Nzisa, ana miaka kumi na mitano na mdomo wa miaka arobaini. Aliliona ndani ya mfuko.

"Baba, hiyo ni ya graduesheni."

"Ni ya mtoto aliyefanya vizuri."

"Na kama hatafanya vizuri?"

"Atafanya. Ni mtoto wangu."

"Eh! Leo ni wako."

Mama yake alimwambia anyamaze, lakini si kwa nguvu.

Tulikaa safu ya tatu. Ukumbi ulijaa. Mchezo ulikuwa wa wachuma kahawa, na Nzisa aliigiza mwanamke ambaye mume wake alienda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, akaangukiwa na ukuta wa jiwe. Nilidhani ataimba kidogo tu na wenzake. Kumbe yeye ndiye mchezo wenyewe. Wenzake walitoka wote, akabaki peke yake na koti la marehemu, akaanza kuimba.

Sikujua ana sauti ile. Nimelala nyumba moja na mtoto huyo miaka kumi na minane, ukuta wa mbao katikati yetu, na sikujua. Ilikuwa sauti ya marehemu mama yangu akipalilia shamba akidhani yuko peke yake.

Alipofika mwisho alipiga magoti, akalaza kichwa juu ya koti. Kinanda kikanyamaza. Na ukumbi wote ukanyamaza.

Nikangoja makofi. Hayakuja.

Kanisani kwetu mtoto akiimba, hata akisahau maneno nusu, watu hupiga makofi na akina mama hupiga vigelegele. Wakichelewa, mzazi ndiye huanza, ili mtoto asisimame pale na aibu. Ndivyo tulivyolelewa. Nikatazama kushoto na kulia. Watu wamekaa kama mawe. Nikasema moyoni, wamemdharau. Nikapiga makofi mawili, yakasikika peke yake kama mtu anayepigilia misumari.

"Baba Nzisa, keti," Kavata akaninong'oneza, akanivuta koti.

Lakini nilikuwa nimeshasimama. Nilitoa shada kwenye mfuko, karatasi ikapiga kelele ukumbi mzima, nikaenda kwenye ngazi za pembeni mwa jukwaa.

"Guka, unaenda wapi?" kijana mmoja akauliza, akiniita babu kwa Kikuyu, na watu wakaanza kucheka.

"Haiya! Amepanda kweli!"

Nzisa akainua kichwa. Shada hakuliona. Aliniona mimi, na mkono wangu umenyooshwa. Alisimama haraka, koti likaanguka, akarudi nyuma hatua mbili, na kwa mkono wa kulia akaushika ule wa kushoto, pale pale juu ya kiwiko, akauficha mgongoni.

"Baba, wacha nimalize."

Haikuwa sauti ya mchezo. Walioketi mbele walimwona uso, wakaacha kucheka. Mimi nilitaka kusema nimekuja kumpongeza tu. Nilishusha mkono. Nikashuka ngazi, nikapita kati ya watu bila kutazama mtu, nikatoka nje. Nyuma yangu kinanda kilianza wimbo uliofuata. Mstari wa kwanza sauti yake ilitetemeka. Wa pili ikasimama.

Nilisimama karibu na tangi la maji mpaka watu walipotoka. Kavata alinifikia wa kwanza.

"Umeona alivyoshika mkono?"

"Nimeona."

"Basi leo sina la kuongeza." Akaenda kumshika Becky aliyekuwa analia kwa hasira.

Kinuthia, yule anayewafundisha kuigiza, alipita akanipiga begani. "Mzee, ukitaka kuigiza, mazoezi ni Alhamisi." Alicheka peke yake, kisha akaona nyuma yangu Nzisa anakuja, akaondoka.

Nzisa alikuwa amefuta rangi upande mmoja wa uso. Hakunisalimia.

"Ulikuja kunitoa tena?"

"Hapana. Nilikuja kukuvalisha hii. Hawakukupigia makofi."

"Hawakutakiwa kupiga. Pale ndipo wanalia. Tumefanya mazoezi ya ule ukimya wiki tatu."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Hata ile siku hukuuliza."

"Nilikukosea ile siku."

"Siku gani, Baba? Iseme."

Watu walikuwa wanapita. Nilitamani aniambie twende kando, lakini hakuniambia, na mimi nisingemwomba. Mimi siku ile sikumpeleka kando.

"Siku niliyokuvuta jukwaani," nikasema. "Mkono ulivimba. Nilijua umevimba. Nilikuona na sweta, nikanyamaza."

Aliangalia lile shada, lilikuwa limeanza kupukutika kwenye kiatu changu.

"Kuna shoo ya saa kumi na moja," akasema.

"Naweza kuingia?"

"Ukikaa nyuma kabisa. Na hiyo kitu mpe Becky ashike."

Nikakaa nyuma, kiti cha mwisho karibu na mlango. Yule kijana aliyeniita Guka alikuwa mlangoni anapokea tiketi. Alinitazama akauma mdomo asicheke. Nilimwacha.

Wachuma kahawa wakaimba, wakatoka. Nzisa akabaki na koti. Aliimba vilevile, hata vizuri zaidi. Niliweka mikono chini ya mapaja nikaikalia. Nilijua sasa ukimya unakuja, na nilijua ni wa nini. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa ameshavua kofia anajifuta uso.

Wimbo ukafika mwisho. Saa nane, alipofika hapo, alipiga magoti moja kwa moja. Safari hii hakupiga. Alisimama kwanza, akageuza macho kidogo, akatazama zile ngazi za pembeni. Wengine labda walidhani ni mchezo.

Ngazini hapakuwa na mtu.

Ndipo akapiga magoti.