Sabuni ya Mangi Severine

Siku tuliyomzika mume wangu, Mangi Severine alisimama mbele ya watu akasema yeye ndiye aliyemfundisha marehemu habari za risasi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka. Naandika hapa ilivyokuwa, kabla na mimi sijaanza kuamini ya Severine.

Augustino alikuwa fundi bunduki, karakana yake ilikuwa mtaa wa Gerezani, nyuma ya wauza spea. Leseni yake ilikuwa ukutani na maneno yake yalikuwa machache. Msimu wa uwindaji ukifunguliwa, wenye vibali walimchukua awaongoze porini. Wao walipiga, yeye alitangulia kwenye majani kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Kutangulia huko ndiko kulikokuwa kunaninyima raha.

Severine, ambaye wateja walimwita Mangi kwa Uchaga wake, aliuza sabuni kwa jumla Kariakoo. Mwaka ule aliwatangazia majirani kwamba angeangusha nyati, kichwa kitundikwe dukani juu ya kaunta. Kibali alikuwa nacho, bunduki anayo. Akaja karakana na boksi la risasi, nyuma yake Sadalla, jirani yake muuza vitenge, ambaye hakutaka kupitwa na kituko.

"Fundi, soma hapo. Nguvu yake jouli elfu sita na mia tatu. Zako ngapi?"

"Elfu tano na mia nane."

"Sasa unaona? Tunaenda na hizi."

Kariakoo kila boksi lina namba, na namba kubwa ndiyo inayonunuliwa. Kuna spika za wati elfu kumi ambazo ukiingia chooni huzisikii.

Augustino alichukua risasi moja akaigeuzageuza. "Hii ni laini, imetengenezwa kwa ajili ya swala. Ikigusa mwili inatanuka kama uyoga. Na kwa kasi hii itatanuka mapema mno. Nyati ana bega nene, Mangi. Nguvu yote itaishia juujuu, moyo hautafikiwa."

"Ikitanuka si ndiyo jeraha kubwa?"

"Kubwa, lakini fupi. Atakasirika tu."

"Akikasirika wewe utakuwa wapi?" Sadalla akauliza.

"Mbele."

Nilikuwa nimemletea chakula cha mchana. Nilibaki nimeshika hotpoti, sikulifungua.

"Shemeji, usiogope," Severine akaniambia. "Mimi nina shabaha."

"Shabaha ya kulenga wateja!" Sadalla akacheka. "Mangi, pigeni kitu kwanza tuone."

Augustino akasema alete katoni za sabuni ya mche. Risasi huacha njia yake ndani ya sabuni, ukikata unaiona.

Jumamosi tulikwenda uwanja wa shabaha, nje ya mji. Sabuni zilipangwa safu ishirini, moja nyuma ya nyingine. Risasi ya Severine ilipiga kwa kishindo, vipande vikaruka mpaka kwenye suruali ya Sadalla. Tulipokata, safu tatu za mbele zilikuwa na shimo la kuingia kichwa cha mtoto. Ya saba haikuwa na kitu. Risasi yenyewe tuliikuta safu ya sita, bapa, imepasukapasuka.

Kisha Augustino akapiga risasi yake, ngumu isiyotanuka. Tundu lilikuwa jembamba kama kidole, likapita safu zote ishirini na kutokea upande wa pili.

"Tatizo ni sabuni," Severine akasema.

"Si ya dukani kwako?" Sadalla akauliza.

Augustino hakucheka. "Mangi, sabuni yenye povu jingi ndiyo inayotakatisha zaidi?"

"Wapi! Povu ni la kuuzia," Severine akajibu haraka, kama mtu wa kazi yake. Kisha akaangalia lile shimo.

Lakini alikuwa ameshatangaza. "Zangu nimeshanunua," akasema. "Nitakwenda nazo."

"Sawa," Augustino akasema. "Ila utatangulia wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Jumatatu mtaa mzima ulijua kwamba Mangi Severine amewaonea nyati huruma. Ni viumbe wa Mungu, alisema, na wana familia. Akabadilisha kibali, akaenda na Augustino kuwinda swala, kwa risasi zake zilezile. Zilifanya kazi kupita kiasi. Swala alianguka palepale, na bega zima lilikuwa halifai hata kwa supu. Severine alirudi na mapaja mawili, akieleza kila mteja kwamba ufundi upo kwenye kutanuka.

Augustino alirudi kutoka porini Jumapili mchana, akapanda ngazi za nyumba yetu Mchafukoge, akavua viatu mlangoni. Nilimshika bega la kulia, halafu la kushoto.

"Vipi?"

"Hamna," nikasema. "Kaa."

Akakaa. Alikaa nami miaka minne zaidi, mpaka figo zilipomshinda.